Plymouth Iliyokwenda Harusini Kinyumenyume

Naapa kwa meno machache niliyobakiwa nayo kwamba yote haya ni kweli tupu. Mwenye shaka aje mjini kwetu Matanzas amuulize yeyote, ila asimuulize mke wangu, maana yule hana heshima kabisa kwa ukweli ninaousimulia mimi.

Shemeji yangu Eleuterio ana gari, Plymouth iliyozaliwa kabla yake na yenye afya mbaya kuliko yeye. Injini yake ilikata roho muda mfupi kabla ya harusi ya binti yake, Yusleidi. Mtu mwenye akili timamu angetafuta gari jingine. Lakini Eleuterio alikwishawatangazia majirani, wakwe na muuza mikate kwamba binti yake atafika kwenye jumba la kufungia ndoa ndani ya gari la baba yake. Baba wa bwana harusi, mwenye gari la wazi la kuzungusha watalii, alimjibu kwa ule upole unaoua: "Likikwama, nipigie simu tu."

"Mwanangu akipanda gari la yule bwana," Eleuterio aliniambia, "nizikeni siku hiyohiyo, msingoje keki."

Bahati yake, alikuwa na shemeji kama mimi. Nimeendesha kreni bandarini hadi kustaafu, na umakanika nilijifundisha mwenyewe, kwa hiyo hakuna mwalimu wa kulaumiwa. Bandarini palikuwa na boti la kupeleka marubani melini, limetupwa linaoza, lenye injini mbili za dizeli. Tulipewa moja. Tukachukua ya kushoto kwa sababu juu ya ile ya kulia kuku alikuwa ameatamia mayai.

Tuliifumua juu ya meza ya chakula ya dada yangu, mke wa Eleuterio, ambaye alifurahi mno hata akahamia kwa mama mkwe wake. Ringi za pistoni tulizichonga wenyewe. Gasketi tuliikata kwenye mkanda wa kiwanda cha sukari. Vali zilitoka kwenye trekta ambalo mwenyewe hadi leo anashangaa limepatwa na nini. Tulipoiwasha juu ya matofali, iliimba kwa sauti tamu hata paka wa mtaa wakaja kukaa kitako. Eleuterio alilia. Mimi pia nililia, ila mimi ni kwa ajili ya moshi.

Kisha tukaining'iniza kwenye boriti, paa likashuka kidogo, na injini ikaingia kwenye Plymouth. Nati ya mwisho tuliikaza asubuhi ya harusi yenyewe, kama wafanyavyo watu wenye mipango. Yusleidi akajaza kiti cha nyuma kwa gauni lake. Eleuterio akaweka gia namba moja, akaachia klachi, na gari likarudi nyuma likaangusha ukuta wa jirani.

"Shemeji, umeweka rivasi," nikasema.

"Nimeweka namba moja!"

"Basi weka rivasi tuone."

Akaweka rivasi. Gari likaenda mbele, kwa mwendo wa kobe mjamzito.

Hapo nikakumbuka, kwa utulivu wa kitaalamu, kwamba kwenye boti lile injini mbili huzunguka kila moja upande wake, boti lisiende upande. Ya kushoto ndiyo izungukayo kinyume. Tulikuwa tumetengeneza gari lenye gia moja ya kwenda mbele na tatu za kurudi nyuma.

"Mjomba," Yusleidi alisema kwa sauti iliyonichubua, "mfungisha ndoa anaondoka saa sita. Kwa mwendo huu tutafika kwenye ubatizo wa mtoto."

"Nimpigie yule bwana?" nikauliza kwa unyenyekevu.

Eleuterio akaukamata usukani. Aligeuza gari, buti likaelekea mjini, akajipinda shingo kama bundi, akaweka namba tatu.

Tukateremka mtaa wa Versalles matako mbele. Mbuzi walikimbia, bibi mmoja akapiga ishara ya msalaba. Darajani askari akapuliza filimbi.

"Wewe! Mbona unarudi nyuma?"

"Sirudi, afande, naenda! Gari ndilo limekaa vibaya!"

Askari akatafuta kichwani sheria iliyovunjwa, asiipate, akampigia saluti bibi harusi, naye akampungia mkono mpaka kona ilipotutenganisha.

Tulifika mfungisha ndoa akiwa ameshashika mkoba. Baba wa bwana harusi alisimama ngazini, simu mkononi. "Mbona mmekuja kinyume?"

Eleuterio alishuka, shingo ikiwa bado imepinda. "Ili mwanangu atazame kwao mpaka dakika ya mwisho."

Wanawake wote walilia. Yule bwana akarudisha simu mfukoni.

Jumatatu iliyofuata mimi mwenyewe nililala chini ya gari, nikaigeuza ekseli ya nyuma juu chini ili magurudumu yabadili mwelekeo, na tangu hapo Plymouth inakwenda mbele kama mtu mwenye adabu zake.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nasimulia jana kwenye meza ya dhumna. Jirani yangu Tiburcio aliponikodolea jicho, nikapiga kifua: "Kama si kweli, ekseli hiyo nitaigeuza mbele yenu nyote, na chupa ya ramu juu yangu!"

Kidogo honi ikalia. Plymouth ikakata kona, buti mbele, abiria wamejaa, Eleuterio kajipinda vilevile.

"Hizo ndizo adabu zake?" Tiburcio akauliza. "Kuingia na matako?"

Eleuterio akatoa kichwa dirishani. "Shemeji! Ile Jumatatu uliyoniahidi ni ya mwaka gani?"

Leo chupa nimenunua, nzuri, ya ghali. Sijaionja. Wameketi kivulini wanaimaliza, Eleuterio kwenye kiti changu, na mimi niko chali chini ya Plymouth, grisi inanidondokea sikioni, nati ya kwanza imegoma. Tiburcio ameinama sasa hivi kuniuliza kama huku chini nako kuna hadithi.