Mguu wa Kulia

Nimechoka, na si uchovu wa leo. Miaka thelathini na mmoja nimelala chali chini ya magari ya watu, na mgongo wangu unaijua sakafu ya gereji hii kuliko unavyolijua godoro. Ila siku hizi hata nikiamka nimechoka, kana kwamba kulala nako ni kazi. Nakunywa maji, kiu haikatiki. Uzee huo, nikasema, na uzee hauna spana yake.

Jina langu la kazi ni Unyayo. Gari nililolitengeneza breki silitoi mpaka nimelijaribu mwenyewe, mguu wa kulia bila kiatu. Diski ya breki ikipinda, hata kidogo tu, pedeli hutetemeka, na unyayo mtupu huusikia mtetemo huo kabla ya kitu kingine chochote. Nikirudi nikasema "imetulia", hakuna anayeuliza swali la pili. Mafundi wengine wana vipimo. Mimi nina mguu.

Basi jana binti yangu alirudi mara ya tatu. Ni muuguzi. Kila asubuhi anateremka ule mteremko mrefu kwenda zahanati, watoto wake wawili wamekaa nyuma, anawashusha shuleni njiani.

"Baba, pedeli bado inanipiga mguuni."

"Nimeijaribu mwenyewe, mama." Namwita mama tangu azaliwe, maana alichukua sura ya mama yangu, na ubishi akachukua wote.

"Najua umeijaribu. Lakini anayeteremka na wanangu ni mimi."

Mara ya kwanza diski zake za mbele zilikuwa zimelika hadi zimefanya mifereji. Nikazipeleka kwa jirani yangu mkerezaji, tunayemwita Nusumili kwa sababu kwake kila kitu ni nusu mili: chuma anatoa nusu mili, mkate anakata nusu mili, na ukimwita anakuja baada ya nusu mili. Akazikereza zikang'aa. Mara ya pili akazikereza tena. Mara zote mbili nilivua kiatu, nikazunguka mtaa, nikasema imetulia kama maji ya mtungi. Unene sikupima. Nipime nini, na mguu upo?

"Labda ni matairi," nikamwambia.

"Matairi uliyasingizia mara ya pili."

Nusumili, aliyekuwa amekuja kuchungulia, akaangua kicheko. Nikavua kandambili kwa hasira, nikashika usukani, binti yangu kando, Nusumili nyuma. Tulipofika katikati ya mteremko nikakanyaga breki taratibu. Kimya. Pedeli ilikuwa imelala chini ya unyayo wangu.

"Haya, nani anasikia kitu?" nikauliza, nimeshaanza kujisikia mshindi.

Nusumili aliinama mbele, akachungulia miguuni kwangu.

"Baba," binti yangu akasema polepole, "tazama mguu wako."

Nikautazama. Ulikuwa unacheza juu ya pedeli, vidole vyote vitano, juu chini, juu chini. Niliuona kwa macho tu. Niliogopa, tena sana.

Tukarudi gereji. Nikapiga jeki, nikafungua gurudumu, nikakwangua kutu kwenye ukingo wa diski mpaka ikaonekana namba iliyogongwa kiwandani: mili ishirini na mbili, ikipungua hapo itupwe. Nikapima. Ishirini na nusu. Diski nyembamba hivyo hupata moto upesi na kupinda upya, ukereze mara mia. Kitoto chochote kwenye kazi hii kinajua.

"Hizi ni za kutupa, tunafunga mpya," nikasema. "Na pedi mpya."

"Sawa," akasema binti yangu. "Ila kwanza kaa hapa."

Nikakaa juu ya tairi. Akapiga magoti mbele yangu na sare yake nyeupe, kwenye sakafu ile ya grisi, nami nikamwambia atachafuka, asisikie. Akaupangusa unyayo wangu kwa kitambaa. Akatoa kalamu mfukoni.

"Mganga hajigangi, eti?" nikamtania. "Au ndiyo asiyesikia la mkuu huvunjika guu?"

"Wewe ndiye mkuu, Baba, na wewe ndiye husikii. Fumba macho. Nikikugusa, sema."

Nikafumba. Nikasikia feni ya Nusumili ikizunguka kule kwake, na binti yangu akivuta pumzi. Mgongo uliniuma, goti liliniuma. Nikangoja. Moyoni nilikuwa nayaona magari niliyoyatoa tangu mvua zilizopita kwa neno langu moja tu: pikapu ya muuza mbao, gari la mwalimu mkuu, lile basi dogo la kubeba wanafunzi. Yote nilisema yametulia.

Nikachoka kungoja.

"Anza basi, mama."

"Nimeshamaliza, Baba."

Nikafumbua macho. Alikuwa ameukumbatia mguu wangu kwa mikono miwili, anausugua, analia, na mimi nauona tu.

"Nipe simu," nikamwambia Nusumili, aliyekuwa bado amesimama kando ya gari. "Nianze na lile basi dogo."