Jina la Fundi wa Hadubini

Jumapili saa mbili asubuhi Wijdan aliacha bilauri yake ya chai kwenye dirisha la ukumbini, kwa kuwa chai haikuruhusiwa kuingia chumba cha hadubini, akavaa vifuniko vya viatu na kuweka sampuli ya kwanza ya juma. Ilikuwa dhahabu ya Hisham, mhadhiri msaidizi, chembe ndogo kiasi kwamba elfu kadhaa zingejipanga kwenye upana wa unywele mmoja. Aliikuza mara laki mbili. Chembe zilikuwa zimeandika jina lake kwa Kiarabu, kutoka kulia: wau, jimu, dali, alifu, nuni. Nukta ya nuni ilikaa kushoto kidogo, kama alivyoiweka mwenyewe tangu shule ya msingi, ambako mwalimu alimchapa bure kwa ajili hiyo. Akahifadhi picha, akaandika kwenye daftari: "Sampuli ya kumi na nne. Safi. Ina jina."

Hisham alifika saa nne na sahani ya basbusa. Hakuna aliyemwendea Wijdan mikono mitupu. Taasisi nzima ya sayansi ya nano ilijua kwamba picha nzuri hutoka kwa fundi aliyekula kitamu.

"Hili si jina lako, dada?"

"Ni langu."

"Halitoki?"

"Nimesogeza sampuli mara nne. Linanifuata."

Hisham alikuna shavu. "Sasa kile kimstari cha kuonyesha ukubwa wa chembe nitakiweka wapi? Nuni imekalia pembe nzima."

Wijdan aliendesha hadubini ile kwa miaka kumi na mmoja, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Kanuni mpya ya chuo ilisema fundi ataajiriwa kwa kudumu kama jina lake limo katika makala angalau moja ya kitaaluma, na asiye nayo ataondoka mwisho wa Juni. Picha zake zilikuwa zimetoka katika makala sitini na tatu. Jina lake halikuwamo hata katika moja. Kila makala ilipokubaliwa watu walijipanga kwenye ngazi za taasisi wapigwe picha, na mpiga picha alikuwa Wijdan, kwa sababu, walisema, hakuna mwenye jicho kama lake.

Juma la pili chembe za fedha za ghorofa ya tatu nazo ziliandika Wijdan, halafu shaba ya idara ya kemia. Wanakemia waliosha vyombo vyao kwa asidi mara tatu, wakasema bismillahi, wakaanza upya. Jina lilirudi, safari hii pamoja na la baba yake, Fahim, kwa kuwa shaba ilikuwa nyingi. Ukikata ukingo wa picha ili kuliondoa, lilihamia katikati.

Profesa Shawqi al-Damanhuri, mkurugenzi, aliitisha kikao. Jina lake lilitangulia katika kila makala iliyotoka pale, hata ile iliyoandikwa akiwa amelazwa kwa vijiwe vya nyongo. Alizitazama picha moja moja, akavua miwani.

"Mwanangu Wijdan, liambie jina lako litulie. Wahakiki wa majarida ni watu wa maneno."

"Liandike juu, Profesa, pamoja na ya wenzangu. Labda likipata pa kukaa litaacha kuzurura."

Watu walicheka, naye Profesa akacheka kwa upole kuliko wote. "Dereva wa teksi humfikisha bwana harusi mpaka mlangoni. Umewahi kumwona ameandikwa kwenye cheti cha ndoa?"

"Sijawahi. Wala sijawahi kuona cheti kilichoandika jina la dereva chenyewe."

Hisham alivitazama viatu vyake, na kikao kikahamia kwenye suala la maegesho.

Wijdan alichukua picha kumi na mbili, akazipeleka kwa Bwana Wahba, karani wa ajira. Bwana Wahba alivaa miwani yake ya kusomea, akafuata herufi kwa ncha ya kalamu, asione sababu ya kutilia shaka chochote.

"Kanuni inataka jina liwe kwenye orodha ya waandishi, mama. Hili liko kwenye picha."

"Limeandikwa kwa dhahabu, Bwana Wahba."

"Naliona, na ni zuri, Mungu akuhifadhi. Kanuni haikutaja dhahabu."

Mwezi Aprili Profesa Shawqi alikuwa akinyoa ndevu alipogundua kwamba chembe zinazojipanga zenyewe kwa mpangilio ule ule, katika madini matatu tofauti, ni uvumbuzi. Makala iliandikwa kwa siku kumi. Waandishi walikuwa tisa, wa tisa akiwa mkwe wa Profesa, daktari wa meno huko Kuwait. Jina lilielezwa humo kuwa "alama tano zinazojirudia, ambazo asili yake bado inachunguzwa." Mwishoni waandishi walimshukuru fundi wa hadubini.

Jarida lilifurahi mno, likaiweka picha kwenye jalada, zile herufi tano zikijaza ukurasa. Ililetwa basbusa sinia zima. Watu walijipanga kwenye ngazi, Hisham safu ya mbele, tai mpya shingoni. Wijdan alikasirika mpaka macho yakaingia ukungu. Akawaambia wasogeane kidogo, Profesa ainue kidevu, akabofya.

Siku ya mwisho ya Juni alikwenda kwa Bwana Wahba kurudisha funguo. Jalada la jarida lilikuwa ukutani, kwenye fremu, mkabala na meza. Bwana Wahba alimpa fomu ya kuondoka, naye akaitia sahihi kwa zile herufi tano za jina lake. Karani akafungua faili lake ili aifananishe na sahihi ya zamani, akakuta karatasi imelowa kwa maji ya kiyoyozi na wino umesambaa.

"Bila kufananisha siwezi kukuachia," alisema. Alifikiri kidogo, akainuka na fomu mkononi, akaenda ukutani. Alisoma herufi moja huku, moja kule, mpaka mwisho. "Nukta imekaa kushoto. Ni wewe."

"Kwa hiyo lile jina ni langu?"

"La nani jingine?"

"Basi liandike, Bwana Wahba, kwamba ni langu."

"Mimi ni wa mafaili, mama. Hayo ni ya sayansi."

Akapiga muhuri, akampa nakala yake, akamwomba afunge mlango taratibu, kwa sababu fremu ilikuwa haijakazwa vizuri.