Mtoto wa Chatu

"Nyoka wote wa kuanzia Kilosa mpaka Mikumi nimewasoma. Hakuna wa kunibabaisha," Evance aliwatangazia wanafunzi sita wa chuo waliotoka Morogoro kupiga kambi kwenye vilima vya juu ya Munisagara. Kuwasoma kwenyewe aliwasomea kwenye bango, wakati akisubiri basi. Lakini kofia ya kuongoza wageni ilimkaa vizuri, na mwenye kofia nzuri nani atamdai cheti?

Mbeba mizigo wake alikuwa Cleopa, mtoto wa mama yake mdogo, mkulima wa Chanzuru asiye na maneno mengi. Saa sita na nusu mchana, wakisafisha mahali pa kusimika hema, Cleopa alirudi nyuma ghafla.

"Kaka, kuna kifutu hapa."

Kwenye majani makavu alikuwa amejikunja nyoka mfupi, mnene, mwenye madoa, ametulia kama mtu aliyeshiba ugali. Wanafunzi wakatoa simu. Evance akacheka mpaka magego yakaonekana.

"Kifutu wa wapi! Wewe Cleopa hata kamba ya kiatu unaikimbia. Huyo mtoto wa chatu, hana sumu. Msogeze na fimbo, wageni wapumzike."

Wanafunzi nao wakacheka. Cleopa alimtazama kaka yake, akazitazama simu zilizomwelekea, akaokota fimbo. Ilikuwa fupi. Nyoka akapuliza kama tairi linalotoka upepo, kisha akampata juu ya kifundo cha mguu.

Mudi, bodaboda aliyewaletea maji, aliwasha pikipiki palepale. "Mpandishe! Kabla ya saa nane tuko hospitali."

"Tulia, Mudi. Haya mambo yana wenyewe."

Evance alifungua kamba ya hema, akaufunga mguu chini ya goti, akakaza. Akachanja pale penye alama za meno kwa wembe, akabandika jiwe jeusi la nyoka alilouziwa mnadani Rudewa. Jiwe likaganda.

"Likimaliza kunyonya sumu litadondoka lenyewe. Ukilibandua kabla, unamuua."

Wakangoja. Jiwe halikudondoka saa saba, wala saa nane, wala saa tisa. Mguu ulivimba ukawa kama gogo, vidole vikaanza kuwa vyeusi. Cleopa aliomba kamba ilegezwe kidogo tu. Akaambiwa avumilie kiume. Mudi alisema twende, akasema tena, akasema mara ya tatu. Wanafunzi walishaacha kupiga picha zamani. Saa kumi Cleopa alipoanza kutapika, ndipo Evance akakubali kumpakata kwenye pikipiki, na jiwe limeng'ang'ania vilevile kama kupe.

Walipofika hospitali, Mudi aligeuza kwenda Chanzuru kumchukua mama yake Cleopa. Evance akangoja benchini na mgonjwa, mpaka foleni ikawafikisha kwa daktari, mama mmoja mwenye sauti ya chini. Cleopa alikuwa amelala macho nusu, ulimi mzito.

"Ameumwa saa ngapi? Na hii kamba imekaa muda gani?" daktari aliuliza. "Niambie ukweli, kijana. Nahangaikia mguu hapa."

Evance aliweka kofia sawa. "Kama nusu saa hivi, dokta. Kamba alijifunga mwenyewe, unajua tena woga. Mimi nilivyomkuta tu, nikamkimbiza huku."

Daktari akaandika.

"Saa sita na nusu," ilisema sauti nyuma ya Evance. Mudi alikuwa amesimama mlangoni, na mama yake Cleopa ubavuni kwake, kanga imemteleza begani. "Ameumwa saa sita na nusu, dokta. Kamba kaifunga huyu. Masaa matatu na nusu nimekaa juu ya pikipiki nikimwomba anipe mgonjwa."

Daktari alikata alichokiandika. Akabonyeza kidole gumba cha mguu wa Cleopa, akangoja kuona kama damu inarudi, akabonyeza tena.

"Shikamoo, mama mdogo," alisema Evance.

Mama akampita, akaenda kumshika Cleopa mkono.