Fundo Ambalo Sikulifunga

Padri Wibert husema watu wetu walikwenda Yerusalemu kwa ajili ya kaburi la Bwana. Yeye ni msomi, siwezi kubishana naye. Lakini wale watu mimi niliwajua. Shemeji yangu Renier alikuwa mtoto wa nne, na shamba la baba yao lilikwisha gawanywa kabla hajaota meno. Yeye alikwenda kutafuta ardhi. Wengine walifukuzwa na njaa. Na mume wangu, Ansold, alikwenda ili aruhusiwe kuvuka kizingiti cha kanisa letu.

Alikuwa ameua. Mwaka wa ukame aligombania maji ya kinu cha kusagia na jirani yetu Drogo, na alikuwa na koleo mkononi. Tena ilikuwa Ijumaa, siku ambayo Kanisa limekataza hata mabwana wakubwa kupigana. Akapewa toba ya miaka saba: asipokee mwili wa Bwana, wala asiingie mlangoni. Kila Jumapili alisimama nje, kichwa wazi, mvua ikimnyeshea, watu wakimpita kama nguzo.

Kisha ukaja ugonjwa wa moto. Binti yetu Odelina, miaka minne tu, alilia kwamba vidole vinamuungua, na kweli vikawa vyeusi kama makaa. Siku ya tisa tukamzika. Misa ya mwanawe Ansold aliisikilizia nje.

"Ni mimi," aliniambia. "Damu ya Drogo ndiyo iliyomchoma mtoto."

"Wamekufa watoto kumi na wawili hapa kijijini. Baba zao wote wameua?"

Mtu akishajihukumu mwenyewe, utamtetea kwa nani?

Wakati wa Kwaresima akaja mtawa mmoja, miguu mitupu, sauti ya kupasua mawe. Akasema kaburi la Bwana liko mikononi mwa wageni, akataja maovu yao mpaka wanawake wakalia. Watu hao mimi sijamwona hata mmoja, na nadhani hata yeye hakuwa amewaona. Halafu akasema: atakayekwenda, amevaa msalaba begani, dhambi zake zote zimefutwa. Mimi sikumtazama mtawa. Nilimtazama Ansold kule mlangoni, nikajua nimeshaachwa.

Jioni aliniletea gauni jekundu la Odelina.

"Nishonee msalaba, hapa begani."

"Kwa gauni la mwanangu?"

"Nataka niende naye."

"Na mimi unaniacha na nani, Baba Odelina? Na kuku?"

"Nikirudi tutaingia kanisani pamoja, tumeshikana mikono."

"Ukirudi! Yerusalemu unaijua iko wapi wewe? Juzi tu umepotea njia ya sokoni."

Akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu mazishi, nami nikacheka, huku moyo unanikatika.

Sasa nisikilizeni. Mimi ni mshonaji, na mshono wangu haufumuki; hata mke wa bwana wa ngome huniita. Lakini msalaba ule niliushikiza tu, nyuzi mbilimbili, na mwisho wake sikufunga fundo. Kwetu kitu kikikudondoka siku ya safari, hata fimbo, unarudi nyumbani, Mungu amekataa. Nikasema moyoni, utaanguka, naye atabaki. Ilikuwa imesalia miaka minne ya toba yake. Ningesimama naye nje yote minne.

Siku ya kuondoka walikuwa saba, wamepiga magoti mbele ya kanisa, Padri akiwanyunyizia maji ya baraka. Ansold aliinamisha kichwa, na msalaba ukadondoka matopeni. Umati mzima ukaguna. Padri naye akasita.

"Ansold, mwanangu," alisema, "labda Bwana anakutaka ubaki."

Nilikuwa nimeshaanza kushukuru. Ansold akauokota, akaupangusa tope kwa kidole, akaniwekea mkononi.

"Kitambaa ni cha wenye dhambi ndogo," akasema. "Yangu imo kwenye nyama."

Akaenda kwa mhunzi. Aliporudi alikuwa amevua shati, na msalaba umechomwa begani kwa chuma cha moto, bado unatoa maji. Hakulia. Watu ndio waliolia, wakapiga magoti mbele yake, wakashika nguo zake. Saa ile ile wanaume kumi na mmoja zaidi wakaomba msalaba, na wake zao wakakimbilia kwangu niwashonee. Niliwashonea. Safari hii nilifunga mafundo.

Renier alirudi baada ya miaka mitatu, bila mkono mmoja na bila ardhi. Nilimpa supu, akala kwanza.

"Bega lilioza, shemeji. Siku ya tisa akatutoka. Hata mto mkubwa wa kwanza tulikuwa hatujaufikia."

"Alisema nini?"

"Alikuwa na furaha, haki ya Mungu. Kila tukipumzika anatuhadithia: Mungu mwenyewe ameukata ule uzi kwa mkono wake. Alikufa akiamini hivyo. Na watu wa huko walimwingiza kanisani, wakamlaza mbele ya altare."

Nilimwongezea supu.

Kati ya wale kumi na mmoja wamerudi wawili. Wajane wa wale tisa huniamkia kwa heshima, mimi mke wa mtu aliyeguswa na Mungu, nami huitikia. Msalaba mwekundu ninao, kwenye kisanduku cha sindano, na nyuzi zangu bado zinaning'inia.

Jumapili mimi husimama nje ya kanisa, pale pale aliposimama yeye. Padri Wibert, ambaye sasa ni mzee, hutoka kuniita.

"Ingia, Hersenda. Nani amekufukuza?"

Humwambia miguu inaniuma, niache nipumzike hapa hapa.