Cheche Wanne kwenye Ndoo

Walikuwa wamebaki wanne, na fundi friji alishawahesabu mara saba tangu asubuhi, kana kwamba kuhesabiwa kungewafanya wazaliane.

Samaki wenyewe hawakufika ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Mwili mweupe unaopenyeza mwanga, na ubavuni mstari mmoja mwekundu. Marehemu baba yake aliwaita cheche, jina likawaganda. Madukani hawapo. Wauza samaki wa mapambo walimwonyesha wa dhahabu, wenye mikia ya shela, wa kila rangi. Lakini cheche, wapi! Na cheche ana tabia moja: haishi ila kwa kundi. Wakiwa wengi wanatamba tangi zima na kugeuka wote kwa pamoja. Wakipungua chini ya sita, hofu inawaingia, wanajificha nyuma ya mawe, hawali, na mwisho wake unaujua.

Hawa wanne walikuwa na siku ya tatu bila kula. Fundi naye hakutulia. Anakaa, anasimama. Anatoka nje kwenye friji ya mteja, anafungua skrubu mbili, anarudi kuchungulia tangi. Alikuwa ameazima kioo cha mkewe cha kujipambia, akakiegemeza ubavuni mwa tangi ili cheche wajione wako wanane. Ujanja huo ulidumu asubuhi moja.

"Wameshajua ni wao wenyewe," mkewe alisema. "Nirudishie kioo changu. Jana nimetoka na wanja jicho moja."

Fundi akakirudisha.

"Nenda kwa wifi yangu," mkewe akaendelea. "Si anao kumi na wawili? Atakunyima wawili watatu?"

"Dada yangu unamjua."

"Namjua, na wewe nakujua. Kiburi mmekinyonya titi moja. Mficha uchi hazai, baba watoto."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Baba alipofariki aliacha cheche ishirini na wanne. Wenzao hugombea shamba. Ndugu hawa wawili waligombea samaki. Dada, ambaye ndiye mkubwa, alitaka wote wabaki kwenye tangi la baba, nyumbani kwake. Fundi akasema haki ni nusu kwa nusu. Akazamisha wavu mwenyewe, akatoa kumi na wawili, na dada akamwambia mbele ya watu, "Umechagua wazima, umeniachia wagonjwa."

Mwaka wa pili huu walikuwa wakizungumza kwa simu ya Jumapili tu, na simu yenyewe ilikuwa mashindano. Wako wangapi? Kumi na wawili, wanakula mpaka nawaonea huruma. Na wako? Hao hao kumi na wawili. Fundi alisema kumi na wawili walipokuwa tisa, akasema kumi na wawili walipokuwa sita, na Jumapili iliyopita, wakiwa watano, akaongeza kwamba jike mmoja ana mayai. Mungu anamwona.

Kuomba samaki kungekuwa kukiri uongo wote huo. Lakini baba aliwalisha cheche hawa kwa vidole vyake mpaka wiki aliyoshindwa kuinuka kitandani, na fundi hakuwa na kitu kingine ambacho mkono ule ulikigusa kila siku. Wakifa hawa, baba anakufa mara ya pili. Aliogopa hilo waziwazi, kama mtoto.

Alasiri mmoja wao akaanza kuogelea kichwa chini. Fundi akaiacha friji ya watu mlango wazi, akachota maji ya tangi kwenye ndoo yenye mfuniko, akawaingiza wote wanne, akatoka.

Dada yake ni muuguzi. Alifungua mlango nusu, sare ya kazini bado mwilini.

"Kuna msiba?"

"Bado."

"Si ungepiga simu." Alikuwa ameziba mlango wote.

"Dada, nilikudanganya. Wangu wamebaki wanne. Nimekuletea uwachanganye na wako. Sitaki kitu. Waishi tu."

Dada aliitazama ndoo, kisha akasogea pembeni. Fundi akaenda moja kwa moja kwenye tangi la baba, akainama, akahesabu. Akahesabu tena. Nyuma ya jiwe walikuwepo watatu.

"Kumi na wawili wako wapi?"

"Wanalea mayai ya jike wako."

Walicheka, na kicheko hakikufika mbali.

"Wanne na watatu, saba," dada akasema. "Wanatosha. Wachukue wewe. Nilitaka nikuletee mwenyewe, nikakosa uso."

Fundi nusura akubali. Ndicho alichokitaka tangu siku ya kwanza. Akafunua ndoo. Yule mgonjwa alikuwa amelala ubavu chini kabisa, akihema.

"Huyu hahimili kurudi," akasema. "Wabaki hapa."

Wakayachanganya maji kikombe kwa kikombe, fundi akipima joto kwa kipimajoto chake cha kazi, mpaka samaki wakaachiwa. Muda mrefu hapakuonekana kitu. Kisha akatoka mmoja nyuma ya jiwe, na wa pili, na jua lilipokuwa linazama, sita walikuwa wakipita kwenye kioo cha tangi kwa pamoja, na mgonjwa nyuma yao akijikongoja.

"Siku ile nilikuonea," dada akasema. "Hukuchagua."

Fundi angeweza kunyamaza.

"Nilichagua, dada. Siku tatu nzima kabla ya kugawana nilikuwa nawatazama, nikajua yupi ni yupi."

Dada hakugeuka. Fundi alitamani amfokee, yaishe.

"Wangebaki pamoja wasingekufa," dada akasema mwishowe.

"Najua."

"Basi chukua ndoo yako uende. Kesho niko zamu ya mchana, na hawa wanakula saa sita." Akauweka ufunguo wa akiba juu ya mfuniko wa ndoo, bila kumtazama.