Glasi ya Mistari Mitano

Haraka haraka ina baraka. Ndivyo walivyoamini akina mama wa maombi siku walipomwachisha Wangu pombe ya chang'aa kwa asubuhi moja. Walimwaga dumu lote chooni, wakamtoa Kitale hadi Naitiri, kwa dada ya mama mkwe wake, ambako majirani hawangejua, wakamfungia chumbani afunge siku tatu bila chakula wala maji. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane.

Muuguzi Hasina alipata habari Jumanne saa sita mchana, pale zahanati ya Kitale, Zachary mume wa Wangu alipofika na pikapu yake ya viazi, matope hadi kwenye kioo.

"Sista, bibi yangu anatetemeka. Mama anasema ni pepo anatoka."

"Mara ya mwisho alikunywa lini?"

"Jana alfajiri, kabla mama amwage."

Hasina akahesabu saa. Thelathini. Akachukua begi la dawa.

Mwili uliozoea pombe miaka sita ukinyimwa ghafla huasi, na uasi wake mbaya huja siku hizo mbili za kwanza: degedege, linaloweza kuwabeba mama na mtoto kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana Hasina alikuwa amemkataza Wangu kuacha peke yake. Kwa ushauri wa Nasambu, mkunga mkuu wa kituo kimoja Bungoma, alichukua glasi akaichora mistari mitano kwa rangi ya kucha. Leo usipite huu. Baada ya siku mbili, huu wa chini. Hivyo hivyo hadi Ijumaa, siku ambayo Nasambu angepata kitanda cha kumlaza na kumwachisha kwa dawa.

Wangu aliona haya, akaificha glasi uvunguni. Rosaline, mama mkwe, akaikuta akifagia. Alipomuuliza, Wangu akasema ukweli: ni ya sista, ananipimia. Rosaline akawaita wenzake wa maombi.

Hasina akapanda pikapu na Zachary hadi Naitiri. Alishikilia begi la dawa mapajani kama mtu aliyebeba mayai.

Rosaline alikuwa amesimama mlangoni, kiondo begani, glasi mkononi.

"Karibu, mwalimu wa walevi," alisema. "Wengine wanafundisha wajawazito kula mboga. Wewe unawachorea mahali pa kumimina."

"Mama, nitasimama hapa unitukane mpaka uchoke. Lakini nitukane mlango ukiwa wazi."

"Ni siku moja tu imebaki, pepo atoke."

"Mama, fungua," Zachary alisema. "Ukikataa nitavunja."

Rosaline akatoa ufunguo.

Wangu alikuwa sakafuni, jasho likimtiririka, akiokota vitu visivyokuwepo kwenye shuka.

"Sista, nitolee hawa siafu," alisema. "Wataingia kwa mtoto."

Hasina alimpima presha mara mbili, akiogopa kifafa cha mimba. Haikuwa juu kiasi hicho. Akampigia Nasambu simu.

"Usingoje Ijumaa," Nasambu alisema. "Mlete sasa hivi, kitanda nitakitafuta. Mlaze ubavu wa kushoto. Degedege likija, mpe ile sindano tuliyokubaliana. Usipite popote."

Walimlaza nyuma ya pikapu juu ya magunia. Rosaline naye akapanda bila kualikwa, akakipakata kichwa cha mkwe wake. Walipopita Webuye, Wangu akakakamaa. Macho yakageuka meupe, meno yakagongana.

"Shindwa," Rosaline alianza, "shindwa kwa jina la—"

"Mama, ombea moyoni. Mikono yako naitaka. Mgeuze huku, usimtie kitu mdomoni."

Hasina alichoma sindano pikapu ikirukaruka, akakodolea saa macho. Dakika moja. Moja na nusu. Karibu mbili, mwili ukalegea. Akaweka kiganja tumboni akisubiri teke. Halikuja. Kutoka hapo hadi Bungoma hakuondoa kile kiganja, na teke halikuja.

Nasambu aliwapokea mlangoni. Wangu alipotundikiwa maji yenye vitamini, Nasambu aliinama na kile kipembe cha kusikilizia mimba, akakisogeza kulia, kushoto, chini. Zachary aliukazia macho ukuta.

"Nyamazeni," Nasambu alisema, ingawa hapakuwa na aliyesema. Kisha akainua kidole, kikawa kinapiga hewani, tap tap tap tap. "Yupo. Mia moja hamsini na mbili. Amechoka, lakini yupo."

Rosaline akaketi kwenye benchi kwa kishindo. Wangu aliposinzia, akamvuta Hasina kando.

"Sista, kuna jambo. Jana niliwatuma wazee wa kanisa kwa mkubwa wako. Wamepeleka barua, ati unalewesha wajawazito. Sasa nitawarudishaje? Nitaonekana mjinga." Akaitoa glasi kwenye kiondo. "Njoo kanisani Jumapili useme tu pole kwa hii. Neno moja, na ile barua itachanwa. Usiposema, kazi yako iko hatarini, na mimi sitaweza kukusaidia."

Hasina aliichukua glasi. Alienda kwenye mfereji akaisugua vizuri, akaacha mistari, akaijaza maji ya kunywa kutoka kwenye jagi hadi mstari wa juu kabisa, akaiweka kando ya kitanda cha Wangu, pale mkono wake ungefika akiamka.

"Huyu atalala hapa majuma mawili," alisema. "Akirudi nyumbani mtamletea uji, hamtamfungia mlango, na kila Alhamisi atakuja kwangu, kama bado nitakuwa na kazi."

"Na Jumapili?"

"Jumapili sitakuja. Sitaomba radhi, mama."