Magamba ya Trauti

Guy alijua kwamba mama mkwe wake hampendi, na hilo halikumnyima usingizi, kwa sababu hata yeye hakumpenda. Kankindi alikuwa Mrundi wa milimani, Msabato wa kupindukia, mwanamke aliyeweza kukusalimia kwa heshima zote na bado ukaondoka unajiona umetukanwa. Guy alikuwa mtoto wa Bukavu, Mkatoliki wa Krismasi na Pasaka, mtu wa kunyoosha suruali kwa pasi hata siku asiyokuwa na pa kwenda. Wangeweza kuchukiana kwa amani mpaka uzeeni, kila mmoja kwake, kama si samaki wa Mwaka Mpya.

Wakati huo Guy na mkewe Nadège walikuwa wanaishi Kauma, pale Lilongwe, yeye akihangaika na vibarua, Nadège akishona. Sikukuu ilipofika wakaenda kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kula kwa mama. Guy, kwa kutaka aonekane mtu, akapitia sokoni akachukua samaki mkavu, mnene, wa bei ya chini, akaingia naye jikoni mwenyewe na kumtumbukiza katika sufuria ya mchuzi iliyokuwa motoni. Alikuwa kambale. Kambale hana magamba, na kwa Msabato samaki asiye na magamba ni najisi, maandiko yamesema, hakuna mjadala. Guy alilijua hilo kama alivyojua mambo mengine ya wakwe zake: alikuwa amelisikia na kulisahau. Kankindi alimwaga mchuzi wote shimoni, akatupa na sufuria, kisha akamwambia binti yake kwamba harudi Kauma. Nadège hakurudi.

Mvua zikaisha, mahindi yakavunwa, Guy anakwenda Dzaleka na kurudi peke yake. Kila akifika anaambiwa Nadège ameenda kisimani, au kanisani, au amelala. Mwishowe alimwomba Mzee Épitace, mzee wa kanisa, awakalishe. Kankindi alikaa, akasikiliza, akatoa sharti lake bila kumtazama mkwe.

"Samaki njo ilichafua nyumba yangu, basi alete samaki. Lakini ikuwe safi, iko na magamba, na asinunue. Aitoe ndani ya maji kwa mikono yake. Akiileta nitakula mbele yako, mzee, na muke wake atamufuata. Si anasemaka kwao Bukavu banazaliwa ndani ya ziwa?"

Hapo alimpata pabaya. Miaka yote Guy alikuwa amejisifu kwa ziwa lake, Kivu hivi, Kivu vile, hata Warundi wa mtaa ule walimchoka. Ukweli ni kwamba ziwa alilitazama kwa dirisha la shule. Sambaza, dagaa wa huko, aliwajua wakiwa wamekaangwa. Ndoana hakuwahi kuishika, na Kankindi, kwa macho yale makali, bila shaka alishaigundua siri hiyo zamani.

Bahati ilimpeleka mbele sana ya mji mdogo wa Nathenje, kwenye milima ya baridi, katika shamba moja lililotaka watu wa kung'oa magugu kando ya bwawa. Mwenye shamba alifuga humo trauti, yule samaki wa maji baridi ambaye Guy alimsoma kwenye kitabu cha Kifaransa kama truite na kudhani ni chakula cha wafalme. Mwisho wa juma walikuja wageni kutoka mjini na mafimbo yao ya kuvulia yenye magurudumu ya kung'aa. Siku nyingine za juma, alfajiri, vibarua waliruhusiwa kujaribu kwenye kona moja tu, pale kijito kinapoingia bwawani. Mlinzi wa kona hiyo alikuwa Gakiza, Mrundi mrefu mwenye sauti ya kukwaruza, na roho yake haikuwa laini kuliko sauti.

Guy alijitengenezea vifaa kwa vitu alivyookota na kuombaomba. Alikata mwanzi. Fundi viatu wa Kauma alimpa uzi wa nailoni uliobaki. Kipande cha kandambili kikawa boya la kuelea, na ndoana alipewa na mwenye duka wa Nathenje kwa kumbebea magunia. Asubuhi ya kwanza akachimba minyoo, akasimama ukingoni kifua mbele, akatupa. Maji yakapiga kelele. Hakuna kilichokuja, si siku hiyo wala iliyofuata, na Gakiza alikuwa amekaa juu ya jiwe lake akimtazama kwa chuki iliyotulia.

"We, unakuja kuvua ao kuogopesha samaki?" akauliza siku ya tatu.

"Unifundishe basi, ndugu."

"Mi si ndugu yako." Gakiza alitema mate pembeni. "Nitakufundisha juu nataka uende. Asubui nikikuona apa, siku yangu yote inaharibika. Ushike samaki yako, unitokee."

Akamfundisha, na hakuna somo lililotoka bila tusi. Ndoana ile ilikuwa ya kambale. Trauti ana mdomo mdogo, ndogo zaidi ndiyo itamfaa. Uzi wa viatu samaki anauona kama wewe unavyoona kamba ya kuanikia nguo. Guy alitumwa kwenye matete, pale nyuzi za wageni hunasa na kukatika, akazifungua kwa subira, nyuzi nyembamba zisizoonekana, akaziunga moja kwa nyingine. Kwenye mojawapo ilikuwa imebaki ndoana ndogo ya mgeni, imeanza kushika kutu. Akainoa kwa jiwe.

"Toa na iyo kandambili," Gakiza akasema. "Apa atuvuake kambare. Weka panzi, umuache abebwe na maji, kama vile ameanguka mwenyewe. Na usisimame. Kivuli yako inafika ndani ya maji mbele yako. Truite anakuona, anaenda kucheka na benzake."

"Nifanye je?"

"Lala."

Basi Guy wa Bukavu, mwenye suruali ya pasi, akalala kifudifudi kwenye tope. Asubuhi baada ya asubuhi alitambaa hadi ukingoni, akatoa mwanzi wake taratibu kwenye nyasi, akamwachia panzi aelee. Samaki walimchezea. Mmoja alimeza panzi akatema ndoana. Mwingine aliukata uzi pale alipofunga fundo la haraka, na Gakiza akamtukana yeye, ukoo wake na wazee wa Bukavu wote. Guy alimeza maneno yote. Alikuwa anamfikiria Nadège, anavyokata uzi kwa meno akishona na kumwangalia kwa jicho moja, na kila alipomfikiria alifunga fundo upya, polepole.

Siku moja Gakiza alinasa wake, akamrusha majanini. Guy akasogea, akamtazama. Samaki alikuwa mzuri kupita kiasi, ubavu wenye madoadoa na mstari mwekundu, lakini ngozi yake ilikuwa laini, inateleza.

"Gakiza, huyu iko na magamba kweli?"

"Iko nayo. Kadogo kadogo. Acha akauke kidogo kwa jua."

Wakangoja. Gakiza akapitisha ukucha kutoka mkiani kwenda kichwani, na kweli yakainuka magamba, madogo kama chembe za chumvi. Guy aliyashika kwa vidole, akayaweka juani, akacheka peke yake. Gakiza alimwambia aondoe upumbavu wake mbele ya samaki wa watu.

Alimpata wake Ijumaa. Panzi alizunguka mara moja kwenye mkondo, maji yakafunguka bila kelele, mwanzi ukapinda. Guy hakusimama, hakuvuta kwa nguvu, alifanya kila kitu alichotukaniwa, na baada ya muda samaki akawa nyasini, mnene, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Akageuka kumwonyesha Gakiza. Gakiza aliangalia, akaguna.

"Sasa wende," akasema, akaondoka kwenda kuwafungulia lango wageni waliowahi kufika.

Ijumaa ilikuwa siku nzuri kwa shughuli ile. Wasabato hupika kila kitu kabla jua halijazama, na Mzee Épitace angekuwapo kwa Kankindi kufungua Sabato. Guy alijua hana muda wa kupoteza. Lakini alijua pia adabu, adabu ya nyumbani kwao mjini: kwa wakwe huendi na samaki mwenye utumbo wake, anayenuka, ukamtwika mama wa watu kazi ya kusafisha. Mwanamume wa Bukavu aliyelelewa vizuri analeta samaki tayari kwa sufuria. Akapiga magoti kwenye kijito, akampasua, akamtoa utumbo, kisha kwa mgongo wa kisu akamparua kwa bidii, huku na huku, mpaka ngozi ikawa nyororo kama shavu la mtoto. Akampaka chumvi, akamfunga kwa majani ya mgomba, akatoka mbio. Mpaka Lilongwe alipanda gari, akadandia jingine la Dowa, njia ya kambini, akamalizia kwa kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, na njia nzima alikuwa anajipongeza.

Kankindi alikuwa uani, Mzee Épitace kwenye kiti, Nadège akipuliza mkaa. Nadège alimwona Guy, tope kwenye suruali, akasimama nusu. Guy alipiga goti moja, akafungua majani mbele ya mama mkwe.

"Mama, nimeleta. Nimemutoa kwa maji mi mwenyewe."

Kankindi alimwinua samaki kwa mkia, akampitishia kidole upande mmoja, akamgeuza, akampitishia upande wa pili.

"Magamba iko wapi?"

Ndipo Guy alipoelewa alichofanya pale kijitoni. "Nilimuparua, Mama. Ilikuwa heshima. Nilitaka usichoke."

"Mzee, umesikia," Kankindi akasema, na sasa alitabasamu, tabasamu lililomfanya Guy atamani kumkaba. "Ameleta nyoka ya maji amemutoa ngozi. Bakongomani banasoma sana. Alijua nitauliza, akaparua kwanza."

"Ni truite. Iko na magamba madogo."

"Mimi namuona mulaini."

Mzee Épitace alikohoa. Alikuwa mtu wa haki, ingawa alipenda kula. "Angalia karibu na shingo, mama. Kisu kinaachaka pale."

Kankindi aliinamia samaki, akasukuma kidole gumba chini ya shavu lake. Guy alikuwa karibu, akaona. Gumba lilipotoka, magamba matatu au manne yalikuwa yameganda juu yake, yanameta kwenye jua la jioni. Kankindi naye aliyaona. Macho yao yakakutana kwa muda mfupi, na katika macho ya mama mkwe hapakuwa na shaka yoyote wala haya. Akakunja ngumi.

"Hakuna," akasema.

"Yako kwa kidole yako, Mama," Guy akasema polepole. "Mzee, mwambie afungue mukono."

Mzee Épitace alianza kutafuta miwani yake mfukoni. "Fungua tu, Kankindi. Tuone, tumalize."

Kankindi hakufungua. Nadège alikuwa ameshafika, beseni mkono mmoja, jagi la maji mkono mwingine. Alipiga magoti kati ya mama yake na mzee. Guy akashusha pumzi, kwa sababu Nadège ndiye aliyekuwa karibu kuliko wote na ule mkono, na hakuna kitu kilichowahi kumpita jicho lake, hata kishono kilichopinda.

"Mama, leta mukono," Nadège akasema.

Kankindi akaufungua. Nadège akaushika, akaugeuza kiganja juu, akatazama lile gumba, akatazama vizuri, kwa muda wote aliohitaji. Kisha akainua uso, akamtazama mumewe. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka, na Guy aliona kwamba uchovu ule ulianza muda mrefu kabla ya Mwaka Mpya.

Akamimina maji. Aliusugua mkono wa mama yake kwa vidole vyake mwenyewe, kila kidole na zamu yake. Mzee Épitace alipopata miwani na kuivaa, mkono ulikuwa safi, na maji yalikuwa yameshamwagwa mchangani.

"Sioni kitu," mzee akasema.

"Hakuna kitu," Nadège akasema.